Ngoja Friji Iamke

Mpendwa dada Rukia, mke mwenzangu,

Tangu tukuzike kule Lobule sijatulia, na wiki hii ndiyo mbaya kabisa. Nakaa, nainuka. Nateleka chai, naisahau mpaka inakauka. Mzee ameoa tena, dada. Bibi mpya ameingia nyumba yako, hapa hapa Koboko, na begi langu limeshafungwa, liko mlangoni. Nataka kwenda kwa kaka yangu mjini Arua, mtaa wa Oli, nisirudi.

Kila mara natoka nje kuangalia mita ya umeme. Unakumbuka ilivyotugombanisha? Nyumba mbili, uwanja mmoja, mita moja. Umeme ukiisha mapema, nilisema ni pasi yako unayonyooshea magwanda ya wanajeshi. Wewe ulisema ni friji yangu ya barafu. Mzee alituambia tuvumiliane, akachukua kofia yake akaenda zake msikitini.

Ni wewe uliyesema tuzime kila kitu, tuwashe kimoja kimoja huku tukitazama ile taa nyekundu ya mita, inayopepesa mbio umeme ukiliwa sana. Pasi yako ilipochomekwa, taa ilipepesa kama jicho lililoingia mchanga. Ikaja zamu ya friji. Taa ikakonyeza mara moja, ikanyamaza. Nilipiga vigelegele, nikakuzunguka nikikata kiuno! Hukukasirika. Ulivuta kiti, ukakaa.

“Mama Saidi, usifurahi bado,” ulisema. “Friji iko nalala. Ngoja iamuke.”

Tukangoja. Ukaleta chai, ukanisimulia ulivyoolewa ukiwa hujui mtu hapa mjini, ukalia peke yako jikoni. Miaka yote ile sikuwahi kukuuliza. Mara friji ikanguruma, na taa ikaanza kukimbia. Tulicheka mpaka watoto wakaja kutazama kuna nini. Kuanzia siku ile, ukipiga pasi mimi nilikuwa nachomoa friji, na barafu inavumilia.

Sasa pasi yako iko baridi chini ya kitanda changu. Nimekukosa vibaya, dada. Na huyu bibi mpya, binti aliyetoka kule Adumi, kaja na birika la umeme linalong'aa, kutwa anachemsha maji. Anaoga nani maji yote hayo?

Jana asubuhi taa ilikuwa inakwenda mbio. Damu ikanichemka. Nikasimama mbele ya mita nikipanga matusi, nikianza na ya mama yake. Akatoka peku, akapiga magoti kunisalimia. Macho yamevimba. Huyu naye amelia jikoni kwako.

“Mama,” akasema, “hii taa iko nakimbia sababu yangu?”

Ningemjibu ndiyo, nikachukua begi langu nikaondoka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nyuma ya ukuta nikasikia friji yangu inanguruma.

“Sijui,” nikamwambia. “Enda uzime kila kitu kwako. Kisha lete kiti.”

Akaleta viwili. Kimoja ni kile chako, chenye mguu uliofungwa waya. Nilimwachia akikalie.

Pumzika, dada yangu. Begi bado liko mlangoni, sitakudanganya. Ila leo nimetoa humo kitenge kimoja, nimekivaa.

Mimi mke mwenzako,
Mama Saidi