Panya Mwenye Jina la Mama

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi huku wazima, ukiuacha huu moyo wangu. Daktari kanionyesha picha: pale moyo ulipopata shtuko mwaka jana pamebaki kovu, na kovu halipigi. Eti niachane na cherehani. Nimemwitikia vizuri, nikarudi nyumbani nikashona sare za shule mpaka jua likazama. Sasa hiyo dawa ya moyo mnayoitengeneza maabara, niletee.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Cherehani pumzisha, nakuomba. Dawa siwezi kuleta. Ni chembe ndogo kuliko vumbi, zimebeba dawa ya kuotesha nyama na mishipa. Zikichomwa kwenye damu zinakwenda kunasa kwenye kovu na kuiachia dawa polepole. Lakini mpaka leo tumewapa panya tu. Yupo mmoja ana kovu kubwa, amegoma kufa, na anamng'ata kila anayemshika. Wenzangu wakauliza tumwiteje. Nikasema Mama.

Binti yako

9 Aprili

Marahaba, mwanangu,

U mzima? Nimekuzaa kwa uchungu, nawe unampa panya jina langu. Nimecheka mpaka wateja wakaja kuchungulia. Haya, kama panya wanapewa, mimi nina kosa gani? Niandikeni panya, nimekubali. Na huyo mwenzangu msimpunje chakula.

Mama yako, panya mkubwa

17 Juni

Shikamoo Mama,

Hali yako? Najua nimekaa kimya. Panya wetu amekufa. Kovu lilishaanza kulainika, nyama mpya imeota pembeni, kisha asubuhi moja tukamkuta amekauka. Bosi anataka kazi isimame. Nilipombeba nilikuona wewe, Mama, nikaogopa sana. Nafunga mizigo, narudi kukuuguza.

Binti yako

28 Juni

Marahaba, mwanangu,

Hali yangu ni ileile. Fungua hiyo mizigo. Ukija hapa utanifanyia nini, tushikane mikono tutazamane? Mikono yangu ina kazi. Mshono ukikataa hatutupi kitambaa, tunafumua tunaanza tena. Nyama mpya imeota, umesema mwenyewe. Kamwambie bosi wako hivyo, tena bila kuinamisha kichwa.

Na mimi naogopa, nisikudanganye. Nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio mpaka nakaa chini. Lakini aliyekufa ni panya. Mimi sijafa. Chukua mwingine, mpe jina lilelile.

Mama yako