Ngege Wenye Mayai Mdomoni

Dzaleka, Malawi

Kwako mdogo wangu Wilondja,

Nakusalimu katika jina la Bwana. We uko muzima? Bibi yako na batoto? Na mama mudogo, ile miguu yake imeanza kumuachilia kidogo? Sisi huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Mi mwenyewe ningali na nguvu. Vijana wa jirani wanabeba ndoo moja wanapumua, mi nabeba mbili na naongea njiani. Uliza bantu. Hii barua naandika kwa mukono yangu, sikutafuta mutu wa kuniandikia, basi usome polepole vile mi nilivyoiandika polepole.

Sikia habari ya samaki, hiyo njo iliyonifanya nitafute karatasi.

Hapa kambini hakuna maji ya kuvua. Ni vumbi na upepo. Lakini ukipanda baiskeli ya kabaza, zile za kubeba bantu kwa malipo, haiko mbali, unafika kwa bwawa ya bantu wa kijiji. Wao wanaita ziwa. Mi nilicheka. Ukisimama ngambo hii unaongea na mutu wa ngambo ile bila kupandisha sauti. Mi, mutu wa Tanganyika, niliyevuta sangala wa kubebwa na wanaume wawili! Lakini Wilondja, tangu tulipokimbia vita sikugusa wavu. Nilipoona yale maji, mikono ilianza kuniwasha.

Mkimbizi havui pale bila ruhusa. Mwenye kuitoa ni mama mumoja, Amai Chisomo, mukubwa wa komite ya bwawa. Anauzaga nyanya mu soko yetu, Kiswahili alikiokota palepale. Nikamwendea, nikamuelezea mi ni nani. Akaniangalia juu mpaka chini.

“Mzee, wavuvi wote wa Kongo ni mafundi mpaka waingie majini.”

Haya. Akaniruhusu nishike kamba pamoja na wengine.

Tukavuta. Wavu ulijaa, ngege tupu, lakini wa kipimo cha vidole vitatu! Nikauliza: batoto njo hawa, wakubwa wako wapi? Nikashika mumoja, nikamufungua mdomo. Mayai! Nikashika mwingine, batoto wakatoka kinywani wakianza kuogelea. Samaki wa vidole vitatu, na yeye njo mama! Kwetu ngege anabeba mayai akiwa wa kujaza sahani. Nilisimama mu maji kama mutu aliyesahau njia ya kwake.

Nikamwambia Amai, “Hii ni kabila ya wafupi. Samaki yenu haijui kukua.”

“We njo hujui,” akasema. “Wako wengi, chakula ni kidogo. Wanazeeka na njaa, wanazaa wangali wadogo. Mabwana wa samaki walitoka Lilongwe wakatufundisha: tutoe wengi, hata mama zao, watakaobaki watanenepa.”

Lakini mi nilikuwa nimeanza kuwarudisha, vile baba alivyotufundisha tungali batoto: mwenye mayai mdomoni anarudi majini. Akanipigia kelele mbele ya bantu wote.

“Mzee! Unanirudishia njaa mu bwawa! Ukirudisha mwingine, toka kwa kamba.”

Nikatoka. Unanijua. Nikamwambia muuza nyanya hatanifundisha samaki. Akatia wachache mu ndoo, akanisukumia. “Basi wafuge. Wakibaki wafupi, utavuta vile unataka, na mi nitanyamaza.”

Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikatandika bashi, ile plastiki ya kuezekea, nikatia udongo chini na maji juu. Nikawapa pumba za mahindi na mchwa. Majirani wakasema mzee ameharibika, anachotea samaki maji. Na mi kila asubuhi, kabla hata ya kuomba, nimeinama pale. Wilondja, nimeua samaki maisha yangu yote, sikuwahi kuangalia samaki akila! Anameza, anatema, anaonja tena, kama mama mukwe anayepima mboga ya bibi arusi. Dume anachimba kisahani mu udongo kwa mdomo, anafukuza wenzake. Nilikuwa nataka wabaki wafupi, na tena nilikuwa nawaongeza chakula. Nielezee hiyo, we.

Mvua zikaja, zikaisha. Wakakua. Mumoja alipita kiganja yangu, na kiganja yangu unaijua.

Amai akaja kuona. Akainama juu ya shimo, akaanza kucheka.

“Ni mukono yangu,” nikamwambia. “Samaki inamujua mutu wa Tanganyika.”

“Ndiyo, mzee, ni mukono. Kesho tunavuta. Unakuja, ao unabaki hapa na mukono wako?”

Hapo njo nilikwama. Neno la baba ni neno la baba. Lakini baba alilisema mbele ya ziwa ambalo huoni mwisho wake, samaki akikosa chakula huku anakwenda kule. Angesimama kwa hii bwawa, angesema vilevile? Nilizunguka na hilo swali siku nzima, na hapa hakuna mutu aliyemujua baba.

Nilikwenda. Nilishika kamba. Ngege mumoja akatema batoto wake mu kiganja yangu, wanangaa, macho tu na mkia. Amai alikuwa ananitazama. Nikawatia mu kitunga, mama na batoto. Nikanawa uso mara mbili. Bantu wakikuuliza, sema ilikuwa jasho.

Tuliwakula na nsima, ule ugali wa huku, kijiji na wakimbizi pamoja, mifupa mingi kuliko nyama. Sasa nimekuwa mutu wa kamba kila wakivuta. Kama waliobaki watanenepa, sijui bado. Naenda kuwachungulia hata siku isiyo ya kuvua.

Nisalimie bibi yako, mama mudogo, mukwe wako fundi wa mitumbwi, na mchungaji wetu wa zamani kama angali anahubiri. Waambie niko na nguvu.

Na we unijibu kweli. Vijana wa kwetu wangali wanarudisha wenye mayai? Na kama ungekuwa mahali pangu, ungefanya nini? Usinihurumie kwa sababu mi ni mukubwa wako. We uko karibu na kaburi ya baba, mi niko mbali.

Ni mi kaka yako,
Asukulu