Kitambaa cha Mgombea

Bruxelles, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mkweo Déo na za mjukuu wako Neema. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uitumie wewe mwenyewe, usiwagawie majirani wote kama ulivyofanya na ile ya kwanza. Na paa la jikoni je, bado linavuja, au mdogo wangu wa kiume amekumbuka kwamba yeye ni fundi? Sisi huku hatujambo. Baridi imeshaingia, na nyumba hizi za zamani za Saint-Gilles hupitisha upepo hata ukifunga kila dirisha. Neema anakohoa kidogo tu, usianze kufunga na kusali kwa ajili yake.

Barua hii anaileta sista wa parokia yetu anayekuja huko likizo. Najua utauliza kwa nini niandike na kila Jumamosi tunaongea. Kwenye simu nikianza jambo zito unasikiliza sauti yangu badala ya maneno, unalia, nami nalia, halafu mtandao unakatika. Nimeona afadhali niandike nimalize.

Ni habari ya safari yetu. Nilikuahidi kwamba kwa Noeli tungekuja wote watatu. Ukweli ni kwamba akiba yetu ilitosha tiketi yangu na ya Neema tu. Hilo lilimsumbua sana Déo. Alitaka akupe mkono kama mkwe, si kukupungia kwenye simu kila wiki.

Unamjua Déo, si mtu wa kamari. Anasafisha ofisi kwenye yale maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, anaimba besi kwenye kwaya, na hata karata za kuchezea hataki zionekane nyumbani. Lakini wenzake wa kwaya walimwonyesha soko fulani la kwenye simu ambako watu wa dunia nzima wanabashiri nani atashinda uchaguzi. Kila mgombea ana bei, na bei hiyo inapanda na kushuka kutwa nzima kama ya nyanya. Ukimnunua mmoja akashinda, unalipwa zaidi ya ulichoweka. Akishindwa, basi, imekula kwako. Ukiingiwa na woga kabla matokeo hayajatangazwa, unaweza kuuza na kujitoa. Uchaguzi wa kwetu nao ulikuwamo. Nilishangaa kuona watu wasiojua hata Bukavu iko upande gani wa ziwa wakimnunua mtu wetu na kumuuza.

Wakati huohuo wewe ukatuma ile picha. Mko mbele ya kanisa, wewe na wamama wote wa chama chenu cha kusaidiana, mmevaa kitambaa cha kijani chenye sura ya mgombea, na wewe umesimama katikati kama bibi harusi. Huyo wa kijani kwenye soko alikuwa na bei ya chini kabisa. Déo aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akaweka akiba yote ya tiketi kwake. Ndipo akaja kunionyesha.

“Furaha, ona,” akaniambia. “Bamama bote beko bamevaa kitambaa yake. Bon, ile ni mambo ya kuisha, atashinda tu.”

Mama, sikugomba. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza jinsi ulivyokuwa unatuamsha mapema siku za mikutano ili tupange mstari wa vitambaa vya bure, leo kwa mgombea huyu, kesho kwa adui yake. Mmoja alikuwa pazia la jikoni, akatutazama tukila ugali na majani ya sombe miaka yote ya shule. Mwingine ulimbebea mdogo wangu mgongoni, sura ya mheshimiwa ikakaa palepale penye makalio ya mtoto, na Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema hapo ndipo mahali pake. Siku ya kura yenyewe ulivaa kitenge chako cha kanisani kisicho na sura ya mtu, ukaenda, ukarudi, ukawasha moto. Hata Baba hakujua ulimchagua nani. Nilipokuwa nasimulia nilisikia ile harufu ya kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa, pamoja na moshi wa makaa mabichi, na nikatamani kuwa kwenye kile kibao changu kando yako, nikichambua sombe. Nimekukumbuka, Mama.

Déo aliondoka kwetu akiwa mdogo, wakati wa kukimbia vita. Kwa hiyo mambo ya nyumbani huniachia mimi, nikisema hivi ndivyo ilivyo, haongezi neno. Nilimwambia kitambaa ni cha bure, si kura, na kila mwanamke huko anajua hivyo, akaamini. Siku hiyo bei ya mtu wa kijani ilikuwa imeshuka zaidi, lakini aliuza hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya akiba ikaenda. Mimi nilijisifu kwamba nimeokoa kilichobaki.

Matokeo yalipotangazwa, yule wa kijani alikuwa ameshinda. Déo alirudi nyumbani kutoka kazini akakaa mezani na koti lake mwilini. Nikakupigia, unakumbuka, nikakutania kwamba safari hii mmevaa cha bure na kura mmempa pia. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, naye akasikia jibu lako.

“Cha bure?” ukasema. “Mutoto wangu, ile kitambaa hakuna mutu alitupatia. Tulichanga sisi benyewe.”

Ukaeleza kwamba mtu huyo wa kijani alikuja kwenye kilio cha mwenzenu wa chama, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na watu mpaka mazishi, bila mpiga picha hata mmoja, wala siku hizo hakuwa anagombea chochote. Na kwamba siku hizi wamama wa chama hawapangi tena mstari kwa mtu, vitambaa vya bure wanavirudisha. Ulisema kwa fahari. Nami sikuwa nimekuuliza mapema, kwa sababu nilidhani najua.

Baada ya simu Déo alivua koti, akalikunja vizuri. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza.

“Donc hata weye haujue tena kwetu,” akasema.

Yule mzee ninayelipwa kumtunza, mtaa wa Auderghem, alifundisha shule huko kwetu ujana wake. Kila asubuhi ananiuliza kama mikaratusi ya barabara ya shuleni kwao bado imesimama. Mimi humjibu ndiyo, na moyoni namhurumia, mtu aliyebaki na mji ambao haupo. Juzi nikimfunga vifungo vya sweta nikatambua kwamba mimi mwenyewe sijui kama ile mikaratusi ipo.

Basi hivi ndivyo tulivyoamua. Kilichobaki tumeongezea kidogo kidogo, na Pasaka nitakuja na Neema, ambaye hujawahi kumpakata. Déo atabaki na kazi yake. Amesema nimsalimie kila mtu na nimrudishie habari mpya, si zile za zamani. Zawadi sitaleta, naomba uwaambie ndugu mapema wasinune.

Nisalimie mdogo wangu fundi na mke wake mvumilivu, shangazi muuza samaki wa sambaza, katekista aliyenifundisha komunyo, na zaidi ya wote mama mwenyekiti wa chama chenu. Mwambie samahani kwa kicheko changu.

Jambo moja la mwisho. Usitume mtu kunipokea, wala usije na goti hilo. Nasikia vijia vyetu vyote vimejengwa nyumba na hata kisima kimehamishwa. Nataka nitafute njia mimi mwenyewe, mtoto mgongoni. Nikipotea nitasimamisha mtu yeyote, hata kijana asiyenifahamu, nimwulize kwa Mama Furaha ni wapi.

Mimi kifungua mimba wako,

Furaha