Bamama benye nilifuta

Nadège, uko Kazimia? Soma hii mbio.

Unakumbuka ile liste, ile orodha ya batu ba Lubondja benye balikimbia vita? Kila mama alikuwa na mustari moja, batoto bake pembeni mu macolonne, zile safu za kushuka chini: mutoto 1, mutoto 2, mpaka 8. Chef akaniambia, «Aline, geuza. Kila mutoto mustari yake.»

Nikageuza. Jina ya mama moja ikarudi mara tano, mara sita. Nikaona ni kosa. Nikafuta colonne yote ya majina ya bamama, nikahifadhi liste mupya ku ordinateur juu ya ile ya zamani, ya zamani ikapotea. NILIFUTA BAMAMA, Nadège! Chef akaituma kwenu.

Leo bamama bamekuja huku Baraka kuchukua unga, batoto bakabaki kule Kazimia. Sasa hivi mama Godelieve ameingia bureau analia. Majirani ba kule bamemupigia simu: batoto bake banapandishwa mashua ya kwenda Kalemie, pamoja na bale yatima benye banahamishwa.

Yatima! Batoto banasema bako na bamama, ule mwenye kushika liste ku mashua anajibu: «Hapa hakuna mama.»

Na kwetu kila mutoto iko na jina yake, haifanane na ya muzazi. Ba Godelieve ni Wilondja, Etabo, Riziki: nani atajua ni tumbo moja?

Chef hashike simu. Kimbia ku port, simamisha ile mashua! Bakikataa, kamata bic ya kuandikia, uliza kila mutoto mama yake ni nani, umuandikie ku mukono.

Riziki iko na mwaka moja, hajue kusema. Ye umuandikie we mwenyewe: GODELIEVE.