Matanga ya Mtu Aliye Hai

Ilikuwa mwaka 1971, msimu wa vuli, Jedidah. Na leo kanisani wamemsifu Hilda eti alikuwa mlezi hodari! Mlezi! Neno hilo lina maana yake.

Hilda, yule Mzungu, alikaa na yatima Nasimiyu miezi mitatu bila kumpaka tone la mafuta. Ngozi ikapauka kama jivu. Nywele akazichana zikiwa kavu, mtoto akapiga mayowe, naye akashika wembe. Kipara kitupu!

Nani asiyejua kwamba kwetu mtoto hunyolewa hivyo akifiwa na mzazi? Mume wa Hilda, baba mlezi wa mtoto, alikuwa safarini Ndara. Jioni akina mama wakajaa uani wakilia, unga na maharagwe vichwani.

"Mnamlilia nani?" Hilda akauliza.

"Mumeo!" akajibu jirani yake, Tryphena.

Mumeo! Naye mume akaingia langoni, akaomba chai. Chai, Jedidah!

Kesho yake Hilda akazunguka nyumba kwa nyumba akirudisha unga. Tryphena akaupokea wake, akamkabidhi kibuyu cha mafuta ya mbarika.

"Sisi umetulipa. Mtoto bado."

Hilda akapiga magoti, akampaka Nasimiyu kuanzia utosini hadi nyayoni, polepole, mpaka mtoto akasinzia.