Kadi Ndani ya Kasha la Miwani

Jumatatu, 2 Machi

Nimemeza vidonge vya asubuhi. Nimelipa deni la mwezi kwa simu, lote, siku nne kabla ya tarehe. Hivyo kila mwezi, miaka kumi na tisa. Hakuna anayejua. Mimi, muzee wa kanisa, niliyefundisha kwamba deni ni kamba ya shingo, nimeficha kadi ya mkopo ndani ya kasha la miwani. Benki ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Goma, ilinipa nilipostaafu kazi ya forodha Bunagana. Figo zimechoka. Daktari hanifichi. Acha niandike.

Jumatano, 4 Machi

Kadi haijanila. Nanunua leo, nalipa pensheni ikifika, riba sifuri. Majambazi waliponivamia njia ya Sake, karibu na Mugunga, pesa za mfukoni zilikwenda moja kwa moja. Kadi nayo waliichukua. Nikapiga simu benki, ikafungwa, nikapewa nyingine, wakabaki na plastiki. Benki za Goma zilipofunga milango, wenye akiba humo walikopa chumvi kwa majirani. Mimi nilivuka, nikanunua dawa. Sharti ni moja: usinunue usichoweza kulipa mwisho wa mwezi. Anayeogopa aogope.

Ijumaa, 6 Machi

Binti yangu Faida amekubaliwa kadi kama hiyo. Anataka kuikataa. Nimemwonyesha yangu.

"Papa, si njo wewe ulitufundisha deni ni mubaya?"

Nilifundisha vibaya, nikasema.

"Muzee muzima, njo sasa unaanza madeni?"

Amecheka sana. Kisha ameuliza ninayo tangu lini. Nimesema tangu mwaka jana. Uongo.

Jumapili, 8 Machi

Faida amewaambia kanisani habari ya kadi. Wazee watatu wa kanisa wamekuja baada ya ibada, na makasi. Wanataka niikate mbele yao, nitubu, la sivyo sitapewa Meza ya Bwana. Nimekataa. Nimewaambia waanze na mkono. Mmoja amesema nitakufa na njaa ya roho. Nimemjibu nitakula huko niendako.

Wamekwenda. Nina hasira, na hasira ni tamu kuliko dawa.

Lakini Faida kesho anaandika barua ya kukataa kadi. Najua dawa ya hilo. Naiogopa kuliko kifo.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Nimemwomba Faida akae kabla ya kuandika. Nimemwambia kadi ninayo miaka kumi na tisa. Amehesabu kwa vidole. Mama yake alikufa miaka sita iliyopita.

Alilazwa Gisenyi. Hospitali ilitaka malipo ya kutangulia ndipo wampasue. Wazee wawili walirudi Goma kukusanya mchango, mmoja akabaki nami kwenye benchi, akiomba. Siku mbili. Mchango ulifika saa tisa alasiri. Mama yake alikuwa amekata roho saa sita mchana.

Nimemwambia lililobaki: kadi ilikuwa mfukoni mwangu, na ilitosha. Niliona haya kuitoa mbele ya yule muzee.