Kunde Juu ya Vioo vya Jua

Mama Wakesho, mke wangu,

Nikikusalimu kwa Kiarabu changu utacheka hadi mwiko ukuponyoke, kwa hivyo pokea salamu za kwetu, za asubuhi yenye ukungu, maana ukungu wa Taita siku hizi nauona nikifumba macho tu. Goti lako je? Ng'ombe amezaa au bado anatufanyia maringo? Na mama, kikohozi chake cha jioni kimepungua? Mimi ni mzima. Nywele zimezidi kuniaga, na kwa jua hili la Riyadh nadhani kichwa changu kinaweza kuchaji simu.

Barua hii anakuletea Wafula, jamaa wa Kitale ninayelala naye chumba kimoja, anayekuja likizo. Ningepiga simu, lakini mama hasadiki sauti isiyo na mtu, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Uliniuliza kama hivi vitu vya sola wanavyouza sokoni vinafanya kazi kweli, au ni maneno ya wachuuzi. Ukasema fundi yuko tayari, ila jua linapiga vizuri upande mmoja tu, paa la jikoni linaloelekea bondeni, na paa hilo ni la mama. Ndipo anapoanika kunde zake, na amekataa kuliachia. Anasema koroboi yake ya mafuta ya taa haijamuua mtu. Wewe nawe unasema macho yake yanachuruzika kila jioni kwa ule moshi, na kule hospitali walishamwonya kwamba akiendelea hivi hataona. Sasa mnangoja neno langu, mimi niliyekuwa nikiweka betri za tochi kinyume halafu nailaumu tochi.

Lakini safari hii mumeo anajua anachosema. Unakumbuka niliajiriwa kama dereva. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, bado inasema dereva. Ila baba, yaani kafili wangu Baba Turki, mwajiri aliyenidhamini huku, alipata kazi ya kusafisha uwanja wa sola nje ya mji, na mimi sasa naendesha ufagio.

Laiti ungeuona uwanja huo. Vioo safu kwa safu, vimeinama pamoja kama waumini kanisani wakati wa sala. Alfajiri, kabla jua halijapanda, mbingu nzima inalala humo ndani: kwanza nyota za mwisho, kisha rangi ya papai, kisha buluu. Napita katikati na ufagio wangu wa mpini mrefu nikiosha vumbi la jangwa, polepole, na naanza kujiona kama naosha uso wa anga. Nasahau mshahara, nasahau mgongo. Halafu Wafula anapiga kelele kutoka safu ya pili, "Mzee, yalla! Umesimama tena kama nguzo ya stima!" Naamka.

Siku moja nilimuuliza baba kwa nini nchi yenye mafuta namna hii inahangaika na jua. "Nenda mtaa wa Batha mchana," akaniambia, "uinue kichwa." Nikaenda. Kila dirisha lina kiyoyozi, na kila kiyoyozi kinakudondoshea maji shingoni. Wanachoma mafuta yao wenyewe ili wapate baridi, na kila mwaka watu wanazidi, majumba yanazidi, na kila mahali duniani ni hivyo hivyo, kila mtu anataka umeme zaidi ya jana. Basi wameligeukia jua lile lile walilokuwa wakilikimbia. Hata upepo wameanza kuutazama kwa tamaa.

Sasa kituko changu. Zile mbegu za kunde ulizonifungia ndani ya soksi, nilizipanda mwisho wa uwanja, chini ya vioo, pale maji ya kuoshea yanapodondoka. Zikaota! Kivuli cha vioo kikazifunika adhuhuri, nami nikawa naziamkia kila asubuhi kabla ya kumwamkia Wafula. Majani yalipokomaa nikachuma, nikayachemsha kidogo, nikayakamua maji, nikatafuta pa kuyaanika. Mama Wakesho, mtu aliyelelewa na mama yangu akiona kitu bapa, chenye moto, kimeelekea jua, mikono yake haiulizi ruhusa. Nikayatandaza juu ya kioo, pembeni tu, vizuri kabisa. Nikaenda kunywa chai, nimejaa fahari kama bwana shamba.

Chai haijapoa, akaja mhandisi Hisham, Mmisri mwenye tumbo la heshima, na baba nyuma yake. Mashine ya ofisini ilikuwa imewaambia kwamba safu ya mwisho imelegea.

"Nini hii?" mhandisi akauliza.

"Mboga, mhandisi."

"Mboga?"

"Ya mama."

Baba akashika kichwa. "Nimeleta dereva kutoka Kenya, amenifungulia hoteli juu ya sola! Halas. Huyu arudi kwao."

Wafula, ambaye huwa hakosi neno, siku hiyo alikuwa anachunguza viatu vyake. Mimi nilishaiona njia ya kwetu, na wewe mlangoni ukiuliza kilichonirudisha, na mimi nikijibu, "Kunde."

Mhandisi akaokota jani moja, akalinusa, akalitafuna. Uso ukamlegea. "Mama yangu huanika mlukhiya paani," akasema. Mlukhiya ni kama mlenda wetu. "Baba Turki, mwache huyu mzee. Hajui." Kisha akanivuta karibu na kunieleza: vioo hivi vimeungana kama watu wanaopitishiana ndoo kutoka kisimani. Mmoja akisimama, wote nyuma yake wanasimama. Majani yangu yalifunika pembe tu, na safu nzima ikawa kama imezimia.

Baba hakunifukuza. Alisema maadamu ikama inasema dereva, basi niendeshe, akanituma Jeddah na lori kuchukua vioo bandarini. Kunde zangu nikaziweka mbele ya usukani, nyuma ya kioo cha lori, na jua la njia nzima likazimalizia kukausha. Bandarini nikaona ubawa wa kinu cha upepo umelazwa juu ya lori jingine, mrefu hata ulipokata kona askari walisimamisha magari yote. Ulipita polepole, mweupe, kimya, kama kitu kilichoamka nusu kutoka usingizini. Nikaupungia mkono. Usiniulize kwa nini.

Jioni nikafika Al-Mahjar, mtaa wa Jeddah, kwa Mwadime, mtoto wa shangazi yangu anayelinda ghala huko. Tukazipika kwa karanga. Mwadime alipotia tonge la kwanza, akavuta sufuria upande wake. Zilikuwa kunde za mama hasa, ila hazina moshi.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo lililomponyoka Wakesho kwenye simu: kwamba kila msimu mama anaweka mfuko wa kunde kavu kando, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa, kwa sababu ni wa siku nitakayorudi. Kumbe paa analilinda kwa ajili yangu. Anayatoa macho yake ili mimi nije kula mboga.

Nisalimie mjomba, na umwambie mbuzi wake wa Krismasi nimemwota mara nyingi kuliko ninavyomwota yeye. Nisalimie shemeji wa dukani, na shangazi, umwambie mwanawe amenenepa. Wakesho mwambie nampenda, na kwamba kuponyokwa kwake kumefaa.

Na sasa mkalishe mama, umsomee kipande hiki. Mama, nimeshakula. Kunde na sola havikai paa moja, mwanao amejaribu na nusura apandishwe ndege. Lipe jua paa lako. Nitakaporudi nitakujengea uchanja wa kunde pale mbele ya mlango, mkubwa, na nitataka unione nikiujenga vibaya, unicheke.

Mama Wakesho, msomee hayo kwa mwanga wa koroboi. Ukimaliza, mwache aipulize yeye mwenyewe.

Wako, mfagia mbingu,
Baba Wakesho